Kondakta Hakuwa na Ratiba ya Mazoezi

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, madaktari wa Uingereza walibaki na fumbo. Magonjwa ya moyo yalikuwa yakipanda mwaka hadi mwaka, yakiwaangusha wanaume wa makamo ambao jana yake tu walikuwa kazini wakipiga soga na wenzao. Mtafiti mmoja, Jerry Morris, akaamua kutazama kazi ambazo watu hao walikuwa wakifanya. Miongoni mwa kazi alizozitazama ni ile ya mabasi ya London.

Mabasi hayo yalikuwa ya ghorofa, na kila basi lilikuwa na wafanyakazi wawili. Dereva alikaa kwenye kiti chake karibu zamu nzima. Kondakta alizunguka na tiketi zake, akapanda juu, akashuka, akapanda tena, mpaka zamu inaisha amekwisha kukanyaga vidato kati ya 500 na 750. Watu wa tabaka moja, mwajiri mmoja, basi moja. Matokeo yalipochapishwa mwaka 1953 katika jarida la kitabibu la The Lancet, tofauti ilikuwa bayana: makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na hata waliougua, ugonjwa uliwajia wakiwa na umri mkubwa zaidi na haukuwa mkali kama wa wenzao.

Morris hakukimbilia kushangilia. Alijiuliza kama huenda watu wanene ndio waliokuwa wakiingia kwenye udereva tangu mwanzo. Yeye na wenzake wakaenda kukagua vipimo vya sare, wakalinganisha viuno vya suruali. Mwaka 1956 walieleza kwamba ni kweli, madereva walivaa suruali zenye viuno vikubwa kuliko makondakta wa rika lao, hata wale vijana waliokuwa ndiyo kwanza wameajiriwa. Uchambuzi uliofuata uliwagawa watu kwa maumbo yao, na bado kondakta mwembamba, wa wastani na mnene, kila mmoja alikuwa na nafuu kuliko dereva wa umbo kama lake. Naipenda sana hatua hii ya suruali. Mtu anayeishuku hoja yake mwenyewe kabla hajaitangaza ndiye ninayemwamini anaponiambia habari za mwili wangu. Morris alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Miaka yote hii kinachonigusa ni kitu kimoja. Hakuna hata kondakta mmoja aliyekuwa "anafanya mazoezi". Hakuna aliyejiwekea lengo, aliyenunua viatu maalumu wala aliyejitangaza kwamba anaanza maisha mapya. Walikuwa wanadai nauli. Mwili ulihesabu vidato bila kuuliza nia.

Sisi tumeigeuza afya kuwa tukio. Tunaisubiri Jumatatu, tunaisubiri mwaka mpya, tunaisubiri mshtuko wa majibu ya maabara. Halafu tunaianza kwa kishindo: sukari marufuku, chakula cha jioni marufuku, kilomita tano alfajiri. Wiki mbili baadaye viatu vipo chini ya kitanda na mtu anajiona hana msimamo. Naamini kwa dhati kwamba hapa ndipo tunapokosea, na kosa halipo kwenye msimamo. Lipo kwenye kudhani kwamba mwili unajengwa na siku kubwa, wakati mwili unaishi kwenye siku za kawaida, zile ambazo ukiulizwa ulifanya nini huna cha kusimulia.

Naandika haya kama mtu aliyekuwa hodari wa kuanza. Nilianza mara nyingi, na kila mara kwa moyo wote. Kisha siku moja nilikwenda kupima jambo jingine kabisa, na muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akanifunga mkanda wa kipimo cha presha mkononi. Mashine ikakaza, ikalegea, ikaandika 148 kwa 96. Akaniacha nipumzike dakika tano, akapima tena. Namba ilishuka kidogo tu.

"Mwanangu, kazi yako ni ya kukaa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi uwe unainuka-inuka."

Akaniandikia tarehe ya kurudi kupimwa tena, kwa sababu kipimo cha siku moja hakitoshi kumpa mtu jina la mgonjwa. Lakini yale maneno yake mawili ya mwisho yamenifaa kuliko mipango yote niliyowahi kuiandika kwenye daftari. Presha ya 140 kwa 90 na kuendelea, ikijirudia, huhesabiwa kuwa ya juu, na mara nyingi haiumi, haiwashi, haikohozi. Mimi sikuhisi chochote. Kama hujapima muda mrefu, kapime. Hilo nalisema mapema nisije nikalisahau katikati ya maneno mengine.

Kuinuka-inuka kuna maana gani ndani ya mwili? Chukua mfano wa mlo. Ukimaliza kula, wanga uliokula unavunjwavunjwa kuwa glukosi na kuingia kwenye damu. Kongosho linatoa insulini, ambayo kazi yake mojawapo ni kuzifungulia seli za misuli mlango wa kuipokea sukari hiyo. Mtu ambaye misuli yake imezoea kukaa na mafuta yamemzidi tumboni, mara nyingi mlango huo unakuwa mzito: insulini inagonga, inagonga tena, kongosho linalazimika kuongeza nyingine. Sasa sikia jambo hili ambalo ningependa kila mtu alijue. Msuli unaofanya kazi una njia yake ya pili. Unapojikunja na kujinyoosha, huvuta glukosi kutoka kwenye damu hata bila kuingoja insulini. Kwa hiyo yule anayeinuka baada ya kula na kutembea dakika kumi, akaosha vyombo, akazunguka nyumba, anaipunguzia sukari yake ya damu mlima ule ule ambao aliyejilaza kwenye kochi anaupanda mpaka kileleni. Na misuli ya mapajani na makalioni, ambayo ndiyo mikubwa mwilini, ndiyo tunayoikalia siku nzima.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kuushughulisha mwili. Kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, ile ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, au dakika 75 hadi 150 za shughuli nzito. Na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Namba hizo zimezoeleka. Wengi hawakuona kilichoondolewa. Zamani ilisemwa kwamba shughuli yoyote isiyofika dakika kumi mfululizo haihesabiwi. Sharti hilo limefutwa. Ngazi za dakika mbili zinahesabiwa. Kwa mama mwenye mtoto mgongoni na sufuria jikoni, au kwa mtu anayerudi kazini saa mbili usiku, kufutwa kwa sharti hilo ni habari kubwa kuliko dawa nyingi mpya, na inasikitisha kwamba haikutangazwa kwa sauti hiyo.

Ipo namba nyingine inayowakatisha watu tamaa bila sababu: hatua 10,000 kwa siku. Asili yake ni Japani, mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ilipouza kifaa cha kuhesabia hatua na kukiita kwa Kijapani "kipimo cha hatua elfu kumi". Ilikuwa namba nzuri ya kuuzia. Mwaka 2019 timu ya I-Min Lee wa Chuo Kikuu cha Harvard ilichapisha uchunguzi wa wanawake 16,741 wenye wastani wa umri wa miaka 72. Waliotembea hatua zipatazo 4,400 kwa siku walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 41 kuliko waliotembea takriban 2,700, na nafuu iliendelea kupanda mpaka karibu hatua 7,500, kisha ikatulia. Uchunguzi wa aina hii hauthibitishi peke yake kwamba hatua ndizo zilizowaokoa, maana mgonjwa naye hutembea kidogo. Lakini unatosha kumwondolea bibi wa miaka 70 aibu ya kutofika elfu kumi.

Kuhusu nguvu za misuli, watu wanaogopa neno hilo wakidhani ni vyuma na vioo. Jaribu hili: kaa kwenye kiti cha kawaida, kunja mikono kifuani, inuka bila kushika chochote, kaa tena taratibu. Fanya mara kumi. Mama yangu mdogo, mwenye miaka 66, alipojaribu kwa mara ya kwanza aliishia ya tatu na kushika meza. Goti lilimtetemeka, akalitazama kana kwamba si lake. Alianza na mbili asubuhi na mbili jioni, kwenye kiti hichohicho cha kulia chakula. Misuli hupungua kadiri umri unavyosogea, na kitakachomfanya mtu ajisaidie mwenyewe chooni akiwa na miaka 80 ni mapaja anayoyatunza leo. Nasema hivi waziwazi kwa sababu heshima ya mtu mzee, kwa kiasi kikubwa, imo kwenye mapaja yake.

Tukija kwenye chakula, kelele ni nyingi zaidi na ukweli ni mfupi zaidi. Mboga kwa wingi, matunda, jamii ya kunde, nafaka zisizokobolewa, karanga na mbegu, mafuta yasiyoganda, chumvi kidogo, sukari kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, chumvi isizidi gramu tano, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ikiwemo ile iliyokwisha kuwekwa kiwandani. Hayo hayajabadilika sana kwa miaka mingi, na anayekuuzia siri mpya ya lishe kila mwezi ana sababu zake za kuuza.

Ila kuna utafiti mmoja ambao umenibadilisha namna ninavyoitazama sahani. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake, wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, waliwaweka watu 20 ndani ya kituo cha utafiti kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, vile vya kiwandani ambavyo ukisoma orodha ya viungo vyake unakuta majina yasiyopatikana jikoni kwa mtu. Wiki mbili nyingine walipewa vyakula ambavyo havijapita mkono huo. Milo iliyoandaliwa ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Kila mtu aliruhusiwa kula apendavyo na kuacha akishiba. Kwenye vyakula vya kiwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja ndani ya wiki mbili. Kwenye vile vingine walipungua karibu kiasi hichohicho. Na walikula vya kiwandani kwa kasi zaidi, kabla tumbo halijapeleka taarifa ya shibe.

Watu walewale, azma ileile, na matokeo mawili yanayopishana. Nikisoma hivyo, sioni tena sababu ya kumwambia mtu mnene kwamba ni mlafi. Chakula chenyewe kinaamua mengi kabla ya mtu kuamua.

Nyumbani kwangu mazungumzo haya yalifanyika kwa kijiko. Mtoto wangu wa miaka tisa aliuliza kwa nini soda isiwepo kila siku. Nilichukua bakuli jeupe, kopo la sukari na kijiko cha chai, nikamwambia asome kwenye chupa. Mililita 330, gramu 35 za sukari. Kijiko kimoja cha chai kilicho sawa, bila kulundika, hubeba kama gramu nne. Akaanza kumimina mwenyewe, akihesabu kwa sauti. Kwenye cha tano akanitazama. Kwenye cha nane akapunguza mwendo, na alipomaliza karibu cha tisa alilitikisa bakuli ile sukari ikajisambaza chini yote, akanyamaza. Sikuongeza neno. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 ni kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ikishuka chini ya gramu 25 ni bora zaidi. Chupa moja imekwisha kupita hapo. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na hapa buyu lenyewe ni kongosho lako.

Soda haikupigwa marufuku. Ilihama tu: haikai tena kwenye jokofu, inanunuliwa siku za sherehe. Jokofuni kuna jagi la maji, na matunda yaliyokwisha kuoshwa yapo kwenye bakuli mezani, si chini kabisa ya droo. Hakuna anayehubiriwa. Mtoto mwenye njaa anakula kilicho karibu, na mtu mzima naye ni mtoto kwa jambo hili.

Sasa nifike kwenye akili, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mipango mingi mizuri inapofia.

Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanasayansi Ancel Keys aliwapokea vijana 36 wenye afya njema, waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya imani zao, wakajitolea kusaidia sayansi kujua njaa inamfanya nini binadamu na namna ya kuwarudisha watu walioathirika na vita. Kwa wiki 24 walipewa karibu nusu ya chakula walichokihitaji, mpaka wakapoteza kama robo ya uzito. Walidhoofu, hilo lilitarajiwa. Lisilotarajiwa ni kilichotokea kichwani. Vijana ambao hawakuwahi kujali mapishi walianza kusoma vitabu vya upishi usiku kucha. Walilamba sahani. Walikuwa wakali, kisha wakawa wapweke, wakapoteza hamu na wenzao na hata na mapenzi. Chakula kilijaa ndani ya fikra zao mpaka hapakubaki nafasi ya kitu kingine. Waliporuhusiwa kula, baadhi walikula wasijue pa kuacha.

Kila ninapomwona mtu anajinyima kwa ukali, anakula jani na yai kwa wiki tatu, kisha anajilaumu kwa kuota mikate, nawakumbuka vijana wale. Mawazo ya chakula yanayomsumbua hayatokani na udhaifu wa tabia. Ni mwili wenye njaa unafanya kazi yake.

Na kuna jambo la pili, ambalo wanasaikolojia Peter Herman na Deborah Mack walilionyesha mwaka 1975. Waliwapa baadhi ya wanafunzi wa kike maziwa mazito yenye sukari, kisha wakawaomba wote waonje aiskrimu na kusema ladha yake, wakiruhusiwa kula kiasi wanachotaka. Wasiokuwa na tabia ya kujinyima walifanya kama unavyotegemea: waliokunywa maziwa walikula aiskrimu kidogo. Waliokuwa na kawaida ya kujizuia kula walifanya kinyume. Wakishakunywa maziwa, walikula aiskrimu nyingi zaidi kuliko wenzao wa aina yao ambao hawakunywa. Kiswahili kina neno lake kwa hali hii tangu enzi: liwalo na liwe. Siku imeshaharibika, basi na iharibike yote. Kipande kimoja cha keki saa nne asubuhi kinazaa chakula cha mchana cha hasira na usiku wa soda, na kesho yake hakuna mpango tena.

Keki ilikuwa na kalori 300 labda. Liwalo na liwe ndilo lililobeba elfu mbili.

Kwa hiyo mtu akiniuliza afya ya akili inaingiaje kwenye mambo ya kula na kutembea, simwambii atabasamu kwenye kioo. Namwuliza: ukikosea, unajisemeshaje? Maana hapo ndipo pana kazi. Wengi wetu tunajisemesha kwa maneno ambayo tungeyasikia yakisemwa kwa mtoto wa jirani tungeingilia kati. "Huna maana." "Wewe ndivyo ulivyo." Tunaamini ukali huo unatusukuma. Ukali huo ndio unaotupeleka kwenye aiskrimu. Kujikwaa si kuanguka, wazee walisema, na nimekuja kuona kwamba huo ulikuwa pia ushauri wa lishe.

Phillippa Lally na wenzake wa chuo cha University College London, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 waliojichagulia tabia moja ndogo, kama kula tunda wakati wa chakula cha mchana au kukimbia kabla ya mlo wa jioni, na kuifanya kila siku kwa wiki 12. Tabia ilichukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno: kwa mwepesi siku 18, kwa mwingine makadirio yalifika 254. Zile siku 21 za kujenga tabia tunazoimbiwa kila mahali hazina mzizi katika utafiti huu. Na waligundua jambo ambalo limenipa amani: kukosa siku moja hakukuvuruga safari ya mazoea kwa kiasi cha maana. Siku moja iliyokosekana haikuwa kitu. Ukiiunganisha na liwalo na liwe, unaona wazi kwamba siku inayohitaji kulindwa ni ya pili yake.

Mimi nimejiwekea hivyo. Nikikosa kutembea leo, sijilipizi kwa kutembea mara mbili kesho, wala sijiulizi maswali. Kesho naweka viatu mlangoni saa ileile. Basi. Ni kitu kidogo mpaka kinatia aibu kukiandika, lakini nimetembea miezi 14 sasa, mimi niliyekuwa sifiki wiki tatu.

Kuna na njia ya kurudi, kutoka mwilini kwenda akilini. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha jaribio la watu 156 wenye miaka 50 na zaidi waliokuwa na sonona. Kundi moja lilipewa dawa, jingine mazoezi mara tatu kwa wiki, la tatu vyote viwili. Baada ya wiki 16, nafuu ya makundi hayo ililingana, ingawa waliotumia dawa walianza kuipata mapema zaidi. Tafadhali usiache dawa yako kwa kusoma sentensi hiyo. Hayo ni ya kuzungumza na daktari wako. Ninachotaka ukishike ni kwamba mtu mwenye giza moyoni anayeambiwa "toka utembee kidogo" hapuuzwi. Anapewa kitu chenye uzito.

Usingizi nitaugusa tu, ingawa ungestahili makala yake. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 12 saa nne tu kwa usiku, siku mbili. Homoni ya shibe, leptini, ilishuka kwa asilimia 18, ghrelini inayoamsha njaa ikapanda kwa asilimia 28, na hamu ikakimbilia vitu vitamu na vyenye wanga. Anayekesha na simu kisha asubuhi anajilaumu kwa kula maandazi, kosa alilifanya usiku.

Kuna pingamizi ninalolichukulia kwa uzito, na wasomaji wamenitumia kwa maneno makali. Wanasema: haya ni mazungumzo ya mwenye nafasi. Aliyeko kazini saa 12 kwa siku, anayekula kinachouzwa karibu kwa sababu ndicho kinachouzwa karibu, utamwambiaje habari za kunde na matembezi?

Wana haki. Kuanzia mwaka 1967 maelfu ya wanaume waliokuwa watumishi wa serikali ya Uingereza walifuatiliwa katika uchunguzi ambao Michael Marmot alikuja kuuchambua. Wote walikuwa na ajira ya uhakika, hakuna aliyekuwa fukara wa kulala njaa. Hata hivyo wa madaraja ya chini kabisa walikufa kwa ugonjwa wa moyo karibu mara tatu kuliko wa juu kabisa, na sigara, presha na mafuta ya damu havikutosha kueleza pengo lote. Na hata kazi ya mwili haifanani yote: kubeba mizigo mizito kutwa, bila mapumziko na bila uamuzi wako, hakumfanyii mtu kile ambacho ngazi zilimfanyia kondakta. Anayetoka huko akitaka kujilaza, anahitaji kujilaza.

Ndiyo maana nachukia neno "uvivu" kwenye mada hii. Mwaka 1972 jimbo la North Karelia nchini Ufini lilikuwa na vifo vya moyo vya kutisha miongoni mwa wanaume. Daktari kijana, Pekka Puska, akapewa kazi ya kubadili hali hiyo. Timu yake ilizungumza na watu mmoja mmoja, ndiyo, lakini pia ilikwenda kwa vyama vya akina mama, kwa viwanda vya maziwa, kwa watengeneza soseji, kwa shule, kwa wenye maduka. Siagi na chumvi zikapungua mezani kwa sababu kilichouzwa na kilichopikwa kilibadilika, na sigara nayo ikapungua. Katika miongo minne vifo vya ugonjwa wa moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Azma ya watu wale haikuongezeka mara tano. Mazingira yao yalihama, kama soda ilivyohama jokofuni kwangu, ila kwa ukubwa wa jimbo zima.

Kwa hiyo mwajiri anayefunga milango ya ngazi na kuacha lifti peke yake anahusika. Shule inayomuuzia mtoto vinywaji vitamu kwenye dirisha la duka lake inahusika. Anayepanga barabara isiyo na pa kupita mtu kwa miguu anahusika, tena sana. Tuwadai. Na tunapowadai, tuendelee na kile kidogo kilicho mikononi mwetu, kwa sababu presha haisubiri kikao.

Jana jioni mama mdogo alikuja kula kwetu. Baada ya kula nilivaa viatu, mtoto akavaa vyake, na yeye akasema anabaki, miguu imechoka. Tuliporudi baada ya dakika ishirini tulimkuta chumba cha kulia, kiti amekivuta mbali na meza, mikono ameikunja kifuani. Hakusikia mlango. Aliinuka, akakaa taratibu, akavuta pumzi.

"Saba," akasema peke yake, akainuka tena.